Mwalimu wa Kwaya Anakuwa Mmarekani

Nianze na ukweli, nisije nikaonekana mwema bure. Nilimwonea wivu Mwalimu wa Kwaya tangu siku ya kwanza nilipomsikia akiimba. Sasa yeye ni raia wa Marekani mwenye paspoti ya buluu, na mimi ni muuza omena yule yule, dagaa wa ziwa letu, na wivu wangu bado umekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga. Wengine wakitaka kueleza habari za mtu huanza na alikozaliwa na babu yake alikuwa nani. Hayo waulizwe watu wa kwao, huko karibu na Awasi. Mimi nilimjua mtaani Kaloleni, Kisumu, mlango wake ukitazamana na wangu, na nitasema nilichokiona kwa macho na nilichokitamani kwa moyo.

Sauti yake haikulingana na mwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua la Kisumu likiwa la kuchoma utosi. Mchana alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, hapo mlangoni, pini zimejaa mdomoni. Jioni ya mazoezi alizitema zile pini, akavuka barabara kwenda kanisani, na yule fundi niliyemsalimia asubuhi akawa mtu mwingine kabisa. Akipanda noti ya juu, hata mbwa wa mtaa walinyamaza. Mimi nina sauti ya alto, sauti ya kusindikiza wenzake, na nilisimama nyuma ya kisogo chake miaka na miaka nikijiuliza Mungu alikuwa akifikiria nini siku ya kugawa.

Hakuandika kitu. Vipimo vya watoto aliviimba. Mama alimleta mtoto, Mwalimu akamzungusha futi ya kitambaa kiunoni, begani, mkononi, huku akiimba zile namba kwa do-re-mi. Wiki moja baadaye akishona ungemsikia akiimba wimbo wa mtoto huyo, na sare ilikuja ikamkaa vizuri. "Kitu haijaimbwa haijaingia," alituambia. Hata bei ya sukari aliiimba, na akiimba ilikuwa inasikika chini kidogo.

Kwaya yetu ilichanganya watu. Walikuwako Waluo, walikuwako Waluhya kama mimi, na Mkisii mmoja wa besi aliyekuwa akisinzia. Kwa hiyo mazoezini Mwalimu alikataza kila lugha isipokuwa Kiswahili. "Hapa ni Kiswahili. Mkitaka Dholuo ngojeni tukienda matanga." Lakini akikasirika, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka ukuta, na Dholuo ikamiminika mpaka sisi Waluhya tukajifunza matusi mazuri mazuri ambayo hatukuweza kuyatumia popote.

Kilichomkasirisha kuliko vyote ni mdomo unaofunguka bila sauti. Mnawajua waimbaji wa namna hiyo. Hajui ubeti wa pili, basi anachezesha midomo na kutabasamu mpaka kiitikio kifike. Mwalimu alikuwa akipita katikati ya safu, ameinamisha kichwa, mkononi patipati moja, ndara ya mpira, ya kupigia mdundo kwenye benchi, na sikio lake likipita mbele ya midomo yetu mmoja mmoja. Akikushika, wimbo ulisimama. "Wewe. Mdomo bila sauti ni uongo. Unadanganya Mungu na watu ya Kaloleni siku moja?" Halafu ilikuja adhabu, na adhabu ilikuwa moja tu bila rufaa: unasimama mbele, visigino pamoja, mikono kando, unaimba peke yako ule mstari uliouficha. Mimi nilishikwa. Niliimba ule mstari, na yule Mkisii wa besi, aliyekuwa amelala siku zote, siku hiyo alikuwa macho. Tangu hapo nilikuwa na tamaa moja ndogo maishani: na mimi nije nimshike Mwalimu akikosea.

Haikuwa rahisi. Alichosema alikifanya, na hiyo inachosha sana kwa jirani.

Basi, habari ya Marekani. Wivu wangu hapo una sababu, na mwenye macho atanihurumia. Mimi ndiye niliyeitaka Marekani. Kila mwaka, ikifika majira ya ile bahati nasibu ya kadi ya kuishi kwao, nilikwenda saiba, duka la intaneti, pamoja na akina mama wenzangu wa alto, tukapigwa picha masikio yote mawili yaonekane, tusicheke, tusivae kofia, kisha tukangoja. Mwalimu alikuwa akitupita na mfuko wa vitambaa, anatucheka. "Mnaenda kufanya nini kwa watu? Nani atawapikia kuon?" Kuon ni ugali, na kwa maoni yake ugali wa ng'ambo haukuwahi kuiva. Hakucheza bahati nasibu hata mara moja. Sisi tuliocheza hatukupata kitu. Yeye asiyecheza akaitwa.

Aliitwa na binti yake. Binti alikwenda kule kuuguza wazee, akakaa, akafanya mtihani wao, akaapa, akawa raia. Na raia wa kule, nilijifunza baadaye, huruhusiwa kumwita mama yake. Ndiyo njia yenyewe: mtoto anatangulia kuwa mwenyeji, mama anafuata kwa kivuli chake. Binti alikuwa na watoto wadogo, alitaka nyanya nyumbani. Mwalimu alilia, akasema haendi, kisha akaenda. Binti yangu mimi, Beti, ameolewa Kakamega na hajawahi kuniita hata Krismasi. Sikumchukia Beti. Nilimtazama tu kwa jicho jingine.

Tulimsindikiza kwa nyimbo mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu. Kwaya nzima ilipanga safu mbili pale nje, na Mwalimu, badala ya kulia kama watu, akatusimamisha katikati ya wimbo kwa sababu tenor walikuwa wameteremka. Akatuanzisha upya, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, ndipo akaingia ndani. Mimi nilirudi nyumbani nikaukuta mlango wake umefungwa na cherehani imechukuliwa na jamaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukasirikia mlango.

Sasa niseme jambo moja lililomfanya awe yeye na si mtu mwingine. Huyu mama alikuwa akitukemea kila siku kuhusu mambo ya kwer, yaani miiko. Mtu akisema hawezi kupanda mahindi kabla ya kaka yake mkubwa kupanda, au hawezi kupita mahali fulani kwa kuogopa chira, laana ya kuvunja mwiko, Mwalimu alimjia juu. "Hizo vitu ziache kwa mlango ya kanisa, utazikuta ukitoka." Lakini mwiko mmoja haukuachwa mlangoni. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Mchana atakaa, atakula, atabembeleza wajukuu. Kulala ni mwiko. Hilo Mwalimu alilishika kama alivyoishika ile patipati.

Kwa hiyo alifika Marekani, binti akamfungulia chumba chenye kitanda kipana na bafu ndani yake, na Mwalimu akauliza, jua likiwa bado juu, "Mimi nitalala wapi?" Binti akamwonyesha kitanda. Mwalimu akamwonyesha mkwe wake, kijana wa Bondo, aliyekuwa amesimama kwa heshima jikoni akitazama sakafu. Binti alilia. Alisema hapa si Awasi, hapa ni Marekani, nyumba ni ya mkopo, mwenye nyumba ni benki. Inasemekana yule kijana wa Bondo ndiye aliyeshukuru kuliko wote, kwa sababu alikuwa amekesha akiwaza atawezaje kuoga chini ya paa moja na mama mkwe wake.

Ndipo akatokea Doroti.

Doroti ni mjane wa kizungu aliyekaa upande wa pili wa barabara na kusali kanisa moja na binti. Alisikia ile habari, akacheka, akasema ana chumba. Tangu siku hiyo Mwalimu alishinda kwa binti na jioni akavuka barabara kwenda kwa Doroti, kama vile Kaloleni alivyokuwa akivuka kwenda kanisani. Walikunywa chai, wakashona mablanketi ya viraka, wakaimba. Doroti, nilielezwa, ana sauti ya alto.

Niseme wazi: hapo ndipo wivu wangu ulipobadilika rangi. Marekani yenyewe niliweza kumsamehe. Lakini jioni zile zilikuwa zangu. Chai ile ilikuwa ikinywewa mlangoni pangu, kwa vikombe vyangu, na kama kuna alto aliyestahili kusimama nyuma ya kile kisogo, ni mimi niliyesimamishwa mbele ya watu kwa ajili yake. Kila aliponipigia simu ilikuwa Doroti hivi, Doroti vile. Doroti amenipeleka kuona theluji. Doroti hali pilipili. Siku moja nilimuuliza kama Doroti anajua kukaanga omena. "Ai, Mama Beti," akasema, "yule akisikia harufu atahama." Nilifurahi kutwa nzima.

Alirudi mara moja kabla ya uraia, na safari hiyo ndiyo iliyompa sababu. Dada yake mkubwa, aliyeolewa Usenge, alikuwa mgonjwa. Mwalimu alikuja, akaingia chumba cha mgonjwa, akavua viatu, akamwosha, akamlisha uji, akamwimbia. Ugonjwa ulijikokota. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, ukaja mwingine. Na kule Marekani yeye alikuwa bado mtu wa kadi tu. Kadi hiyo inakuruhusu kuishi kwao, lakini ukikaa nje mno wanakuuliza kama kweli unaishi kwao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ile kamba binti aliivuta kila siku kwa simu: mama rudi, mama utapoteza kadi, mama watoto wanakulilia. Mwishowe Mwalimu alirudi. Dada yake alifariki kabla hata yeye hajazoea tena baridi ya kule, na mazishi aliyaona kwa simu ya mpwa, picha ikikatika, wimbo ukifika vipande vipande.

Alinipigia asubuhi yake, kule kwao ikiwa jioni. Hakulia. "Mama Beti, mimi nitakuwa raia wao."

Nikamuuliza, "Umeamua kutuacha?"

"Nimeamua kurudi. Nikiwa raia, nitakuja huko nikae mpaka nichoke, na hakuna mtu atanitoa kwa kitanda ya mgonjwa. Wewe ukigonjeka leo, nani atakaa na wewe? Beti? Nataka niweze kukaa. Ndio nakuambia utanifundisha."

Hebu fikirieni. Mwanamke aliyekuwa akitafuta uraia wa Marekani ili aweze kukaa Kenya, na mwalimu aliyemchagua ni yule aliyekosa kadi kila mwaka. Binti hakuwa na wakati, zamu zake zilikuwa ndefu. Doroti alijaribu, lakini Doroti alisoma maswali kwa mdomo mkavu, na kitu haijaimbwa haijaingia. Kwa hiyo maswali ya uraia yalinijia mimi kwa simu, kwa Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kuyapa sauti. Nilimwimbia swali kwa alto, nikalituma. Akaimba jibu kwa soprano, akalirudisha. Nilifanya hivyo sokoni Kibuye, omena mbele yangu, wateja wakingoja nimalize mito miwili mirefu ya Marekani ndipo niwapimie. Mito hiyo tuliitia kwenye sauti ya wimbo wa mavuno. Mihimili mitatu ya serikali yao ilikaa vizuri kwenye wimbo wa Utatu, nadhani Mungu hakukasirika. Kwaya nayo ikaambukizwa. Siku ya mazoezi alto wote wakawa wanajua bahari iliyo upande wa magharibi wa nchi ile, na wasichana wadogo wa Kaloleni wakawa wanaruka kamba wakitaja marais waliokufa.

Niliyajua majibu yote. Mwalimu alikuwa akisahau, mimi sikusahau. Ninayajua mpaka leo, na hakuna mtu katika dunia hii atakayekuja kuniuliza.

Tulipofika kwenye kiapo, nilikisoma peke yangu kwanza. Ni kirefu, na mwanzoni tu kuna mahali mtu anasema kwamba anaukana kabisa utii wake wote kwa nchi aliyokuwa raia wake. Nilisoma mara mbili. Hicho sikukiimba. Nilimtumia hivyo hivyo kilivyo, bila sauti, nikamwambia binti yake atamweleza. Binti alimweleza kwamba hayo ni maneno tu, Kenya haimnyang'anyi mtu aliyezaliwa hapa, wengi wameapa na bado wana vitambulisho vyao. Labda ni kweli. Lakini mimi nilimjua mtu aliyekuwa akiambiwa hayo maneno, na kwa mtu yule hakujawahi kuwa na maneno tu.

Siku ya mahojiano alivaa sweta ya kijani. Ofisa alikuwa kijana mpole. Alimuuliza maswali, na Mwalimu kabla ya kila jibu alivuma kidogo puani kuitafuta sauti. Yule kijana akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anaimba. Akajibu yote, mito ikiwemo. Kazi ilikuwa imekwisha. Kisha kijana akatazama karatasi na kumuuliza, kama mtu anayefunga mlango tu, "Kwa hiyo unaishi kwa binti yako, anwani hii?"

"Ndiyo."

"Ndiko unakolala."

"Hapana!" Mwalimu alishtuka mpaka akasimama. "Mungu anisaidie. Nitalala namna gani kwa nyumba ya mkwe wangu?"

Kijana aliweka kalamu chini. Mama mzee alikuwa ameapa kwamba anaishi mahali, na sasa anaapa kwamba hajawahi kulala hapo hata siku moja, na anasema hivyo kwa fahari. Alimwambia jambo lake litatazamwa upya. Alirudi mikono mitupu.

Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi kwanza, nikafikiri sasa atarudi zake, mlango ule utafunguliwa. Halafu nikakumbuka Usenge na ile simu iliyokatika katika wimbo, nikakosa hamu ya chakula.

Binti alimsihi. Mama, ukienda tena sema tu unalala kwetu, nani atakuja kuchungulia? Mwalimu alikataa katakata. "Nimetoa watu wangapi mbele ya kwaya kwa sababu ya uongo? Leo nidanganye ndio nipewe nchi?" Basi alipoitwa tena alikwenda na Doroti. Doroti akaketi mbele ya ofisa, fimbo mkononi, akaeleza kwamba huyu mama anakula kwa binti na kulala kwake, kwa sababu anamheshimu mkwe wake, na kwamba yeye Doroti ana wakwe wawili na angetamani mmoja wao tu awe na adabu ya namna hiyo. Wakarekebisha anwani. Wakampitisha.

Nilimshukuru Mungu, kisha nikamnung'unikia. Shahidi wake ningekuwa mimi. Mimi ndiye ningesimama niseme namjua huyu, anakula wapi, analala wapi, anakohoa vipi. Lakini nchi ile haikuhitaji shahidi kutoka Kaloleni.

Picha ya kiapo ilitufikia sote kwa simu. Ukumbi mkubwa, watu wa kila rangi wamesimama, mkono wa kulia juu, vinywa wazi wote kwa pamoja kama kwaya iliyofundishwa vizuri. Mwalimu yuko safu ya mbele, mdomo wake umefunguka kuliko wa wote. Nilimkuza kwa vidole mpaka akajaa kioo chote. Nilitazama ule mdomo nikajua ni dakika ya ule mstari wa kukana, au nilidhani najua, na nilizima simu nikaenda kupepeta omena zilizokuwa tayari zimepepetwa.

Alikuja baada ya hapo, kama alivyosema, na safari hiyo bila kamba. Alifungua nyumba yake ya dala, boma la kwao, huko Awasi, akakaa mpaka mahindi yakapandwa na kupaliliwa, na hakuna simu iliyomfukuza. Alikuwa amezeeka kidogo shingoni. Sauti ilikuwa ile ile. Jumapili ya kwanza alipita katikati ya safu zetu na patipati, nami niliimba beti zote kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Siku moja nilikuwa nakwenda Usenge kuchukua omena, akasema twende wote, hajaliona kaburi la dada yake. Tulifika asubuhi. Alisimama pale kwenye saruji, akauimba ule wimbo uliokatika kwa simu, ubeti kwa ubeti, hakuruka hata mmoja, na wanawake wa boma lile walitoka jikoni wakaitika. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema amechoka, twende ufuoni tupate chai.

Tuliketi kwenye kibanda, mandazi mezani. Mbele yetu wanawake walikuwa wamekwisha kutandaza omena kwenye nyavu, wanazigeuza kwa mifagio. Ingekuwa asubuhi nzuri. Lakini simu yake ililia, na alikuwa Doroti, goti linamsumbua, anamuuliza Mwalimu, mwenzake wa kushona, anarudi lini. Mwalimu alicheka naye kwa Kiingereza, akampa pole, akakata simu, akaanza: "Unajua Doroti..."

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu iliniponyoka, "kama ni Doroti, si urudi tu kwa Doroti wako! Na wewe sasa ni mtu wao. Uliapa. Ile kiapo niliisoma mimi kabla yako, na kuna pahali mnasema mmekana sisi wote. Ulisema, ama hukusema?"

Mama mwenye kibanda aliacha kukoroga chai. Mwalimu alinitazama. Alizungusha kikombe. Alizungusha tena.

"Niliimba yote," akasema. "Ile ya kulinda, ile ya kutii, ile ya Mungu, zote nilisema kwa sauti, na nilimaanisha. Wale watu wamenipokea, Mama Beti. Siwezi kuwadanganya." Akamega kipande cha andazi. "Lakini kufika hapo kwa kukana... nilifungua mdomo tu."

"Bila sauti?"

"Bila sauti."

Basi nilikuwa nimempata. Miaka yote ile, kisogo kile, noti zile za juu, binti yule, paspoti ile, na hatimaye Mwalimu wa Kwaya alikuwa amekaa mbele yangu na kosa lake mkononi, kosa lile lile alilonitolea mimi mbele ya watu. Nilingoja furaha ije.

Yeye hakungoja. Alisogeza kikombe kando, akavuta sweta chini ikanyooka, akasimama. Visigino pamoja. Mikono kando.

"Sheria ni sheria," akasema. "Mwenye alificha anaimba peke yake. Donge, si ndivyo, Mama Beti?"

Akavuta pumzi, ile pumzi niliyoijua mpaka tumboni, ya mtu anayekwenda kuimba kwa sauti yote. Wanawake wa omena waliacha kugeuza wakatazama. Na mstari uliomjia mdomoni ulikuwa mmoja tu, ule wa kukana, na nilijua kwamba akishauimba hapa, kwenye ufuo wa Usenge, utakuwa umeingia.

Nikamshika mkono. Niliuvuta kwa nguvu, andazi moja likaanguka.

"Keti, Mwalimu," nikamwambia. "Chai inapoa."

Akaketi, na mpaka tunaondoka Usenge hakumtaja Doroti tena.